Rangi ya Mchanga Ule

Meneja alisimama chini ya turubai la bluu, pale Chanika, mjini Handeni, siku ya arobaini ya Mzee Athumani Mhina. Aliinyoosha kanzu yake iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani, akakohoa kidogo, kisha akawaambia watu waliokuja kumwombea dua marehemu kwamba kampuni ilimsamehe. "Tulikuwa na tofauti ndogo za kikazi," alisema. "Binadamu hukosea. Sisi kama kampuni tulimsamehe siku nyingi." Alilitamka neno hilo kama mtu anayegawa sukari kwa wenye njaa, na wazee wakaitikia kwa heshima, kwa kuwa hawakujua wanaitikia nini. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nyuma ya kanga zilizotundikwa kuwa pazia, nimekaa mkekani karibu na masufuria, na mvuke wa pilau ukinipiga usoni. Kilichosamehewa hakikuwahi kutendeka. Katika mkusanyiko wote ule tuliolijua hilo tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na wote wawili tulikuwa tumevaa vizuri na tumefika kwa magari yenye kiyoyozi.

Sitasimulia nilikozaliwa wala nani alinisomesha. Hao hawana kosa. Nianzie Korogwe, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nina stashahada ya kemia, sanduku la bati na majivuno yasiyo na sababu. Nilipanga chumba Manundu kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Saumu. Kilikuwa chumba cha dirisha moja lililotazama uani, na uani ndiko maisha yote ya nyumba ile yalikofanyika. Mama Saumu aliuza asali. Ililetwa kutoka Handeni ndani ya ndoo, ina vipande vya nta na nyuki waliokufa, naye aliichuja na kuitia kwenye chupa za maji zilizookotwa stendi. Ustadi wake ulikuwa kwenye kuosha chupa. Alichukua mchanga laini wa mtoni, mweupe kama unga wa sembe, akautia kiganja kimoja ndani ya chupa pamoja na maji kidogo na majivu ya jikoni, akaziba kwa kidole gumba na kutikisa. Mchanga ulilia ndani ya plastiki, chaka chaka chaka, na mlio huo ndio ulioniamsha kila asubuhi kabla ya chai. Alipomaliza alisuuza mara tatu, akaiinua chupa kwenye jua na kunichungulia kupitia humo. "Unaniona, mwanangu?" "Nakuona, mama." "Basi imetakata." Nilijifunza kazi ile kwake, na niliipenda. Jioni tulikula makande kutoka sinia moja, naye akanisifu mbele ya jirani zake kwamba mtoto wa chuo hakuona haya kushika majivu.

Kampuni niliyoajiriwa ilikuwa ya malori. Yalibeba mkonge na mahindi kutoka mashamba ya Handeni, enzi ambazo barabara zile zilikuwa vumbi tupu, vumbi jekundu la kuingia mpaka kwenye meno. Mkurugenzi alikuwa ameona mahali fulani, katika safari zake, kwamba makampuni makubwa hupima oili chafu ya injini kama hospitali inavyopima damu. Akanunua mashine iliyokwisha kutumika kwingine, akapaka chumba kimoja cha gereji rangi nyeupe, akaandika mlangoni MAABARA, na kumweka humo mtu ambaye wote tuliambiwa tumwite Mtaalamu. Huyo ndiye meneja wa leo. Alivaa koti jeupe lenye kalamu nne mfukoni na sikuwahi kumwona akiandika kwa hata moja. Alinisomea, mimi nikaandika. Alikunywa soda kwenye gilasi ya kupimia kemikali ili wageni waulize. Mashine yenyewe ilikuwa kitu kizuri, na hapo sina dharau. Ilichoma tone la oili kwa cheche, kisha ikausoma mwanga wa moto ule: chuma kina mwanga wake, shaba ina wake, mchanga una wake. Kila injini husagika kidogo kidogo, na kile kinachosagika huelea ndani ya oili kama siri. Nilipoiona cheche ya kwanza nilitaka kulia. Mtaalamu alitazama saa yake.

Mashine ilikuja na chupa maalumu za kuchukulia sampuli, boksi moja dogo. Mtaalamu alizifungia kabatini kwa ajili ya siku ambazo Mkurugenzi angeleta wageni. Nilipomuuliza tutachukulia sampuli kwenye nini, alinitazama kama niliyemwomba kiatu chake. "Chupa ni chupa, Halima. Mji mzima umejaa chupa. Tafuta, osha, zing'ae." Nikatafuta. Nikaziosha kama nilivyofundishwa, kwa mchanga wa mtoni na majivu, nikisuuza mara tatu, nikazipanga dirishani mwa maabara zikapitisha jua kama vioo. Naye aliziinua moja moja na kunisifu. Sifa ile niliibeba mpaka Manundu kama mtu aliyebeba keki.

Lori jipya lilifika msimu wa mahindi, jeupe, lina riboni nyekundu kwenye vioo vya pembeni. Madereva walilipa jina la Biharusi siku hiyo hiyo. Mkurugenzi alimkabidhi Mzee Mhina, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyeendesha mikweche ya watu tangu ujana wake na kulala chini yake akiitengeneza. Maisha yake yote hakuwahi kushika usukani ambao mwingine hajaushika kabla. Siku ile aliingia kantini amevaa shati la Ijumaa. Hakutaka kuondoa plastiki kwenye viti, na wenzake hawakumwacha apumue.

"Mzee, utakaa juu ya mfuko mpaka lini? Unatoa jasho kama samaki wa kupikwa!"

"Nitoe jasho, kinakuuma nini? Biharusi hafunuliwi na kila mtu."

"Mama Zuhura anajua umeoa?"

"Yeye ndiye aliyenipa ruhusa. Kasema huyu hatapika vibaya kuliko yeye."

Walicheka mpaka bada, ule ugali wa muhogo, ikapoa kwenye sahani. Fundi Shemdoe, mkuu wa gereji, mtu wa Bungu mwenye vidole vilivyoiva kwa grisi, alimwambia aende naye taratibu safari za kwanza, asimpandishe mlima kwa hasira. Mzee Mhina aliitikia kwa kichwa kama anayepewa maagizo ya kulea mtoto mchanga. Nakumbuka nilimwonea wivu. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima akipewa kitu alichokitamani, na akapewa wakati angali na nguvu za kukifurahia.

Siku ya kumwaga oili ya kwanza, injini ilipokuwa bado moto, nilivuta sampuli kwa mpira na kuitia kwenye chupa yangu iliyong'aa kuliko zote. Nilikuwa nimeichagua kwa heshima ya lori. Mzee Mhina alisimama pembeni amevua kofia. "Usimuumize, binti," alisema, nami nikacheka. Nilipoiweka oili kwenye mashine, matokeo yalitoka na mistari mitatu myekundu: chuma kimepanda, shaba imepanda, na mchanga umepanda kupita vyote. Mtaalamu alisoma karatasi ile akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena. Tangu maabara ifunguliwe hakuwa amepata kosa la mtu yeyote. Uso wake ulichanua kama wa mtu aliyepata habari ya urithi.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Mkurugenzi, nami niliitwa kushika karatasi. Mtaalamu alieleza kwamba mchanga hauingii ndani ya injini mpya ila mtu awe ameufungulia mlango. Dereva alikuwa amekitoa kichujio cha hewa njiani na kukigonga kwenye tairi ili kutoa vumbi, kama walivyozoea kufanya kwenye mikweche yao. Vumbi likaingia, likasaga chuma, likasaga shaba. Aliongea kwa kidole kilichonyooka juu, na Kiswahili chake kilianza kuvaa tai.

"Ulikitoa kichujio?" Mkurugenzi aliuliza.

"Sijakigusa, mzee. Wallahi sijakigusa. Hata plastiki ya kiti sijaigusa."

"Mashine imeona," alisema Mtaalamu.

"Mashine ilikuwa na mimi barabarani?"

Fundi Shemdoe aliomba kusema. Alisema injini mpya hutema chuma na shaba, lazima iteme, vyuma vinazoeana kama watu waliohamia nyumba moja. Kila fundi anajua. Na kuhusu vumbi, alisema, jambo ni jepesi. Lile bomba linalopeleka hewa kutoka kwenye kichujio mpaka kwenye injini, lifunguliwe, yeye apitishe kidole ndani. Vumbi la Handeni ni jekundu. Kama limepita hapo, kidole kitatoka chekundu. Dakika kumi tu. Mkurugenzi alimgeukia Mtaalamu, na Mtaalamu akatabasamu kwa huruma, tabasamu ambalo nimekuja kulikuta baadaye kwa watu wengi wenye vyeti. "Fundi," alisema, "tumenunua mashine inayosoma mwanga wa moto. Unataka turudi kwenye kidole?" Mkurugenzi alicheka. Nami, Mungu anione, nilicheka pia, kwa kuwa nilikuwa nimevaa koti jeupe.

Bomba halikufunguliwa. Mzee Mhina alinyang'anywa funguo na kupelekwa getini kuwa mlinzi, na hiyo ikaitwa huruma. Kazi yake mpya ilikuwa kuwafungulia wengine geti, pamoja na dereva kijana aliyepewa Biharusi, ambaye alichana plastiki ya viti siku ya kwanza na kuitupa dirishani. Mzee aliiokota, akaikunja, akaiweka kwenye kibanda chake. Kantini ilimgeuka haraka kiasi cha kunishangaza. Wale wale waliocheka naye walimcheka. "Mhina kamlisha biharusi mchanga! Tabia za mikweche hizo!" Halafu sampuli za malori mengine zikaanza kuonyesha mchanga nazo, moja baada ya nyingine, na madereva wengine watatu wakapewa barua za onyo. Akili yenye afya ingejiuliza. Mtaalamu alifurahi. "Mnaona? Ni ugonjwa wa madereva wote." Nao madereva, badala ya kuungana, walimchukia Mzee Mhina kwa kuwaanzishia. Ningependa kuwadharau peke yao kwa hilo, lakini mimi ndiye niliyezichapa zile barua.

Kila asubuhi nilipita getini. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, binti. Umeamkaje?" Hakupunguza hata herufi moja ya salamu yake, na hilo lilinichosha kuliko matusi. Aliporudi nyumbani kwao Handeni mwisho wa wiki alipanda basi kama abiria, kwenye barabara aliyoijua kila shimo. Asubuhi moja, mvua za vuli zilipokuwa zimeanza, alinisimamisha. Alikuwa ameshika kikombe cha chai ya rangi, na alizungumza taratibu, kama mtu aliyelibeba swali kwa wiki nyingi na kulipanga.

"Binti, nikuulize kitu cha kijinga."

"Uliza, Mzee."

"Huo mchanga uliouona kwenye oili yangu. Ulikuwa mwekundu au mweupe?"

Nilimweleza kwamba mashine haioni rangi ya mchanga. Inaona kwamba ni mchanga tu.

Alinywa chai yake. "Basi haijui barabara," alisema, akafungua geti.

Nilifika maabara nikiwa nimekasirika, hasira ya msomi aliyeulizwa swali jepesi akakosa jibu. Nikataka kumthibitishia, na kujithibitishia, kwamba mashine haina kasoro. Nilichukua oili mpya kutoka kwenye pipa ambalo lakiri yake ilikuwa haijakatwa, niliikata mwenyewe. Oili ile haikuwahi kuingia ndani ya injini yoyote duniani. Nikaitia kwenye chupa yangu safi, nikaichoma. Chuma hakuna. Shaba hakuna. Mchanga: mstari mwekundu, mrefu, umejaa ukurasa kama ulimi. Nilisimama na karatasi mkononi, na ndipo nilipozitazama chupa zangu dirishani kwa macho mengine. Plastiki ikisuguliwa kwa mchanga tena na tena hubaki na mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo hubaki unga mweupe ambao jicho halioni hata ukiiinua chupa juani. Nilichukua ufunguo wa kabati kwenye koti la Mtaalamu, nikatoa chupa moja ya wageni, nikarudia. Hakuna kitu. Ukurasa mweupe. Mchanga uliomwondoa Mzee Mhina kwenye usukani haukutoka Handeni hata chembe. Ulitoka mtoni, hatua chache kutoka chumbani kwangu, na ulipelekwa pale na mikono yangu iliyosifiwa usafi.

Nilimwambia Mtaalamu saa hiyo hiyo. Naitaja kwa kuwa ndiyo sehemu pekee ya mwaka ule ninayoweza kuisimulia bila kuinamisha kichwa, na ilidumu kwa muda wa kumaliza sentensi mbili. Alizitazama karatasi zote mbili. Nilimwona akielewa, hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomfanya awe mdogo zaidi machoni mwangu. Mjinga ningemhurumia. Alifunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Vizuri. Kuanzia leo tumia chupa za kabatini, nami nitaagiza nyingine. Mchanga utapotea wenyewe. Nitaandika kwamba madereva wamejirekebisha."

"Na Mzee Mhina?"

"Ripoti ile imeshasainiwa."

"Isainiwe nyingine."

Alicheka kwa pua. "Sikiliza, Halima. Mimi nimesaini, sawa. Lakini aliyeosha chupa kwa mchanga kama bibi wa kijijini ni nani? Tukisema, wa kwanza kutoka ni wewe, na utatoka na jina hilo. Wewe bado una barua ya majaribio." Kisha akalainisha sauti, akavuta karatasi kutoka kwenye droo. "Nilikuwa nataka kukuombea ajira ya kudumu wiki hii. Yule mzee ana kazi, ana kivuli, anakaa. Unamtafutia nini tena?"

Kuna watu huuza roho zao kwa vitu vikubwa, nami nimewaandika sana watu hao. Mimi niliiuza kwa barua ya ukurasa mmoja iliyokosewa herufi mbili za jina langu. Niliisaini kwa kalamu yake mojawapo, na ikawa mara yangu ya kwanza kuona kalamu zile zikifanya kazi. Jioni ile Mama Saumu alipika wali kwa nazi kusherehekea. Alipoanza kuosha chupa zake nilimwomba anyamaze, na yeye, ambaye hakuwa akisema neno, alinitazama bila kuelewa. Mwishoni mwa mwaka niliacha kazi na kusema kwamba nataka kuandika. Nilipita getini na sanduku langu la bati. Mzee Mhina alinisaidia kulibeba mpaka barabarani. Basi liliposimama njiani kwa chakula nilinunua hindi la kuchoma, na sikuweza kulila.

Halafu nikaandika vitabu. Watu wa fasihi Dar es Salaam ni wakarimu. Huketi kwenye viti vya plastiki katika kumbi zenye mabango, hutikisa vichwa, na kumwambia mwandishi kwamba ana ujasiri wa kusema ukweli. Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Nimeandika juu ya mabosi wakatili na wanyonge wanaoonewa, na kila mara niliwaumba mabosi wafanane na Mtaalamu, kwa kalamu nne na tabasamu lile, na ukumbi ukacheka. Sikuwahi kumwandika msichana wa chupa. Nilimficha katika vitabu vyangu vyote kwa ustadi ule ule wa kusuuza mara tatu. Dharau niliyokuwa nayo kwa yule mtu ilikuwa ya kweli, na ni ya kweli mpaka leo, lakini nimejua pia ilikuwa na kazi: ilijaza chumba chote ili pasibaki nafasi ya mwingine kuketi.

Taarifa ya msiba ilinifikia kwa simu ya Fundi Shemdoe, ambaye hatukuwa tumezungumza naye kwa miaka. Alisema Mzee alikaa getini mpaka alipostaafu, na kwamba miaka yote hiyo, kila mtu mgeni aliyemwuliza kwa nini dereva mzuri ni mlinzi, alimjibu kwa sentensi moja: "Walisema nilimlisha gari mchanga, na sikumlisha." Hakuongeza wala hakupunguza. Nilikosa mazishi. Arobaini sikuweza kuikosa, na nilisafiri nikijiambia naenda kutoa pole, kama watu wote.

Barabara sasa ni lami mpaka Handeni, laini, haina kumbukumbu. Nyumba ya marehemu ni ya tofali, na sebuleni, wanawake waliponipitisha kwenda kwenye mkeka wao nje kumpa mkono mjane, niliona kiti cha mbao chenye mto, na mto umefunikwa plastiki nene iliyokunjwa vizuri na kushonwa pembeni. Plastiki ya kiti cha lori. Nilimpa mkono mjane, Mama Zuhura, mwanamke mwembamba mwenye macho makavu. "Pole sana, mama." "Tumeshapoa, mwanangu. Wewe ni wa wapi?" Nikasema nilifanya kazi na Mzee, Korogwe. Akaniambia nikae karibu naye. Ndipo meneja aliposimama na kusamehe. Na ndipo, kutoka nyuma ya nyumba ambako mkwe wa marehemu alikuwa akitayarisha chupa za kutilia asali ya kuwafungia wageni wa mbali, nilipousikia mlio ule. Chaka chaka chaka. Ulikuwa mlio safi, wa kazi ya heshima.

Nilimwambia Mama Zuhura pale pale, kwa sauti ya chini, mdomo wangu ukiwa karibu na sikio lake, kuhusu mchanga wa mtoni, karatasi mbili, na barua. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua zabibu za pilau kwenye sahani, akitoa vijiti. Nilingoja alie, au anilaani, au, aibu yangu ilivyokuwa kubwa, nilingoja anisamehe.

"Kuwa mume wangu haongopi, nilijua," alisema hatimaye. "Hilo hukuniletea. Hilo la chupa ndilo sikulijua." Akaweka sahani chini. "Sasa mimi unaniambia ili nifanye nini?"

Niliokota kijiti cha zabibu kilichoanguka mkekani.

"Aliambiwa mbele ya watu," alisema. "Umekuja kuninong'oneza?"

Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wametugeukia. Mama Zuhura alinyoosha mkono na kulisogeza pazia la kanga, si kwa hasira, kama mtu anayemfungulia mgeni njia. Niliinuka. Nilivuka ua nikiwa peku, kwa kuwa viatu vyangu vilikuwa vimechanganyika na vya wengine, mpaka chini ya turubai la bluu ambako wanaume walikuwa wamekaa na ambako mwanamke hana la kufanya isipokuwa kuleta maji. Meneja aliniona kwanza. Uso wake ulipitia mambo mawili upesi sana, kisha akachagua furaha. "Ah! Jamani, huyu ni mwandishi wetu! Alianzia kwangu, maabara!" Alininyooshea mkono. Niliutazama mkono ule mpaka akaurudisha mwenyewe.

Nilisema kwamba Mzee Mhina hakukigusa kichujio. Nilisema mchanga ulikuwa wangu, kwamba niliuacha kwenye chupa nilipokuwa nikiziosha, kwamba niligundua na kumwambia huyu hapa, na kwamba tulikubaliana kunyamaza, naye akanipa kazi. Maneno yalitoka bila uzuri wowote. Mtu asiyenijua asingedhani naishi kwa maneno.

"Dada Halima," meneja alisema taratibu, akiwageukia wazee kama anayewaombea radhi kwa mgonjwa, "leo ni siku ya dua. Mambo ya kitaalamu yana mahali pake."

Mzee mmoja kwenye mstari wa mbele alisogea, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwenye mistari, hata baada ya miaka hiyo yote ya kupumzika. "Mahali pake ni wapi?" aliuliza Fundi Shemdoe. "Niliomba dakika kumi, mkanicheka. Nipeni sasa." Kisha akanigeukia. "Sema tena, binti. Masikio yangu yaliliwa na injini. Sema, na hawa wa nyuma wasikie."

Nikasema tena, tangu mwanzo, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye getini. Nyuma ya nyumba, mchanga uliacha kulia ndani ya chupa.